Saa Anazo, Muda Hana: Mwanafunzi wa Chuo Kati ya Kitabu, Marafiki na Afya Yake

Shahada ya miaka 3 katika vyuo vikuu vya Tanzania ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Wengi huziona krediti kama tarakimu za kujaza kwenye mfumo siku ya kusajili kozi, basi, hazifikiriwi tena. Kumbe krediti ni kipimo cha muda. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na humo mna vipindi, semina, maabara, kazi za kuandika, kujisomea na hata mtihani wenyewe. Kwa hiyo mwaka mmoja ni saa 1,200 na muhula mmoja ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Ni kazi ya mtumishi anayeingia ofisini saa 2 asubuhi na kutoka saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala, saa 7 kila usiku. Toa 40 za masomo. Toa 12 za barabarani kwa yule aliyepanga mbali na chuo. Toa 21 za kupika, kula, kuoga, kufua na kusubiri maji yatoke. Toa 4 za ibada. Zinabaki saa 42, sawasawa na saa 6 kila siku ya Mungu.

Saa 6 kwa siku ni nyingi. Zinatosha mpira, kwaya, mapenzi na soga za barazani. Lakini mkute mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye wiki ya tisa ya muhula, atakuapia kwamba hana muda hata wa kufua shuka. Na hadanganyi. Hesabu ni ya kweli na malalamiko yake ni ya kweli, na hapo ndipo panapotakiwa kufumbuliwa.

Ushauri anaopewa kila mahali, kuanzia kwa mjomba hadi kwenye mimbari, unamtaka achague: kitabu au starehe. Nadhani unamkosea. Wanaoharibikiwa na muhula kwa sababu ya starehe wapo, ila ni wachache kuliko tunavyodhani. Walio wengi huvurugwa na jambo lisilo na utamu wowote: masomo yana kalenda yake, pesa ina kalenda yake, nyumbani wana kalenda yao, na hakuna mtu aliyewahi kuziweka mezani zikalinganishwa. Zinapogongana, cha kwanza kukatwa ni usingizi, kisha chakula, kisha watu.

Kengele inaponyamaza

Tuanze na alikotoka. Shule ya bweni ya kidato cha tano na sita huendeshwa kwa kengele. Kengele ya kuamka, ya usafi, ya asembo, ya chakula, ya prepo, ya kuzima taa. Mwalimu wa zamu anapita na fimbo kuhakikisha kila mmoja yuko panapotakiwa. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita hufanyika Mei, na baada yake wale wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria wanahamia kwenye utaratibu mkali zaidi: filimbi usiku wa manane, mchakamchaka, kwata, fatiki, na afande ambaye hana muda wa kusikiliza sababu. Ikifika Oktoba au Novemba, kijana huyohuyo anapokelewa chuoni na kupewa ratiba yenye saa 16 au 18 za vipindi kwa wiki.

Saa 18 kati ya 40. Zilizobaki, zaidi ya nusu ya kazi yenyewe, hazina chumba, hazina mwalimu, hazina kengele. Hakuna anayezitaja siku ya kuwakaribisha wageni, maana siku hiyo huzungumzwa sheria za mabweni, bima na malipo. Mwanafunzi anaangalia ratiba, anaona Ijumaa nzima ni nyeupe, na kwa akili ya kawaida kabisa anahitimisha kwamba Ijumaa ni ya mapumziko. Aliyekuwa akipigiwa kengele kwa miaka sita au zaidi hawezi kulaumiwa kwa kuamini kwamba pasipo kengele hapana kazi.

Ndiyo maana wengine waliokuwa vinara shuleni hutikisika muhula wa kwanza, na wengine waliosoma shule za kutwa, waliozoea kujisimamia kati ya kuuza duka la mama na kufanya kazi za shule, huanza chuo kwa miguu thabiti. Uwezo darasani haujabadilika. Kilichobadilika ni nani anashika filimbi.

Jumanne yenye matundu

Twende karibu zaidi. Chukua Jumanne ya mwanafunzi wa ualimu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepanga Kimara kwa sababu kodi ya huko inashikika. Kipindi cha kwanza ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi, hivyo saa 11 alfajiri ameshaamka kuwahi mwendokasi kabla haijashona. Kipindi cha pili ni saa 7 hadi saa 9 mchana. Semina ni saa 11 hadi saa 12 jioni. Kurudi Kimara katikati ni nauli na jasho bure, kwa hiyo anabaki chuoni.

Saa 3 na dakika 10 anakaa kwenye kimbweta, benchi la nje la kusomea. Anafungua madesa, yaani notsi za kozi, kwenye simu. Ukurasa wa pili haujaisha, CR, kiongozi wa darasa, anatuma ujumbe kwenye kundi: mhadhiri wa mchana huenda asije. Zinafuata jumbe 40 za "kweli?" na "nani kasema?". Anarudi kwenye madesa. Rafiki anapita, wanazungumza kidogo kuhusu kazi ya kikundi ambayo wawili kati ya sita hawajagusa. Saa 5 wanaamua kwenda kula mapema kukwepa foleni, na foleni ipo. Saa 6 na nusu yuko kimbwetani tena, usingizi unamchezea. Mhadhiri anakuja kama kawaida. Baada ya kipindi yale yale yanajirudia hadi semina, na saa 2 usiku anashuka Kimara akiwa hoi.

Amekuwa chuoni saa 11. Akiulizwa, atasema ameshinda anasoma. Ukweli ni kwamba vipindi vilikuwa saa 5, na kujisomea kwa maana yake hasa labda dakika 40, zilizokatwakatwa vipande vinane. Na hapa ndipo penye ubaya wenyewe: pamoja na hayo yote, hakupumzika. Hakukaa na rafiki akacheka akamaliza. Hakulala mchana. Kila alipokuwa anazungumza, madesa yalimsuta, na kila alipofungua madesa, mazungumzo yalimvuta. Amepoteza masomo na marafiki kwa mpigo mmoja, kisha usiku anajilaumu kwamba ni mvivu.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwa majaribio kwa nini hali hii inachosha. Mtu anapoiacha kazi moja kabla haijafika tamati na kugeukia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki nyuma kwenye ile ya kwanza, na kazi ya pili hufanyika chini ya uwezo wake. Jumanne ya kimbweta ni kuhamahama kwa namna hiyo kutwa nzima. Simu inachangia, lakini sitaifanya mchawi wa kila kitu. Ratiba yenye matundu ilikuwapo kabla ya simu, na hata ukizima data, rafiki atapita tu.

Dawa yake haina maajabu. Yale matundu mawili yapewe sura tofauti. La asubuhi, akili ikiwa bado safi, liwe la kazi: maktaba na si kimbweta, saa 3 na nusu hadi saa 5, na swali moja la kushughulikia, si "kusoma Falsafa ya Elimu". La alasiri liwe la watu, na liwe lao kweli, bila kitabu mezani. Kwa mpango huo Jumanne ileile inatoa saa moja na nusu ya kusoma na saa mbili za kukaa na wenzake bila kusutwa na nafsi. Wanaofanya hivi hawaonekani kuwa na juhudi kubwa, na ndiyo sababu wenzao huamini wana akili za kuzaliwa.

Na hilo swali moja lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Wengi husoma kwa kurudia: kupitia madesa mara tatu, kupiga mistari kwa kalamu za rangi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilivisoma tena na tena, jingine lilivisoma kisha likajipima kwa kuandika linachokumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka, waliojipima wakawaacha wenzao nyuma. Kurudia kusoma kunakupa hisia kwamba umeelewa, na hisia hiyo ndiyo inayoleta mshangao kwenye chumba cha mtihani. Anayefunika daftari na kujiuliza "mhadhiri alisema nini kuhusu hili?" anafanya kwa saa moja kazi ambayo mwenzake anaikeshea. Ukitaka muda wa marafiki, hiki ni kisima cha kwanza cha kuuchota.

Bumu likiingia, bumu likiisha

Sasa pesa. Kwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Imehesabiwa kwa siku, ila hailipwi kwa siku. Inaingia kwa mafungu, la takriban siku 60 kwa mara moja. Kwa mwenye mkopo kamili hiyo ni kama Sh600,000 kwenye akaunti ya kijana wa miaka 20 ambaye huenda hajawahi kushika Sh100,000 yake mwenyewe.

Kila aliyepita chuoni anaijua hali ya hewa ya siku hizo. Bumu likiingia, kimya kinavunjika. Kuku na chipsi, viatu vipya, madeni ya mtaani yanalipwa, mchumba anatolewa, kikundi kinachangishana kwenda Bagamoyo au Kigamboni. Wiki ya sita, watu wanapiga pasi ndefu: chai ya asubuhi inasukumwa hadi saa 5, inaungana na chakula cha mchana, cha jioni kinajadiliwa. Wanafunzi wana maneno ya kila hatua ya safari hii, na wanayatumia kwa kicheko, jambo linalowafanya watu wazima wadhani ni utani.

Si utani, na athari yake kwenye masomo haisemwi vya kutosha. Angalia kalenda: testi za kwanza huangukia katikati ya muhula. Ikiwa fungu lilitoka mwanzoni, kipindi cha testi ndicho hasa kipindi cha ukata. Mwanafunzi anaingia kwenye chumba cha testi akiwa na andazi moja tumboni na deni la kodi kichwani. Katika vyuo vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, hivyo kinachopotea wiki hiyo hakirudi. Fungu likichelewa, ndiyo kabisa. Halafu pesa inaingia wiki ambayo angepaswa kuwa amejifungia na vitabu, na marafiki wote wana fedha siku moja, na mialiko yote inakuja siku moja. Kalenda mbili, zote mbaya kwa wakati mmoja.

Kwenye pengo hilo hukaa waganga wawili. Mmoja ni mkeka wa kubeti. Kijana aliyebakiwa na Sh5,000 na wiki mbili mbele yake anaona kubeti ni hesabu, si kamari. Mwingine ni mkopo wa kwenye simu unaotolewa na programu isiyouliza dhamana, ila inayoomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, shangazi na mchungaji wanatumiwa ujumbe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Mwanafunzi anayedhalilishwa na wakopeshaji wa namna hii hasomi. Anakaa na simu iliyozimwa, anakwepa watu, na wenzake wanasema "siku hizi kajitenga".

Njia iliyowafaa wengi ni kulirudisha fungu kwenye umbo lake la awali. Siku pesa inapoingia, kodi ya miezi husika inalipwa kwanza, mchele, maharage, unga, mafuta na gesi vinanunuliwa kwa jumla na wenzako wa chumba, nauli inatengwa, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa wiki na kuwekwa kwenye kibubu cha simu kinachofungwa hadi tarehe. Kula pamoja kwenye geto, kila mtu na zamu yake ya kupika, kunaokoa pesa na kunafanya kazi ya pili kimyakimya: ni mahali ambapo watu wanne wanaonana kila jioni. Asiyekuja kula mara tatu mfululizo atagongewa mlango. Sijaona mpango rasmi wa afya ya akili chuoni unaofanya kazi vizuri kuliko sufuria moja la watu wanne.

Kwa asiye na mkopo kabisa, haya yote ni magumu zaidi, na hesabu yangu ya saa 42 haimhusu. Anayeuza vocha, kusuka nywele, kupika vitafunwa vya kuagizwa au kuendesha bodaboda usiku ana saa nyingine 15 au 20 za kutoa. Huyu hatakiwi kuambiwa ajipange. Anapaswa kuulizwa kama anaweza kubeba kozi zote za muhula kwa mara moja, na kama chuo chake kinaruhusu kuzipunguza.

Nyumbani nako wana kalenda

Katika maandishi mengi kuhusu mada hii "maisha ya kijamii" maana yake ni sherehe na marafiki. Kwetu neno hilo lina uzito mwingine. Mwanafunzi wa chuo ni mtu mkubwa nyumbani. Mdogo wake akikosa ada anapigiwa simu yeye, kwa sababu "wewe si wanakupa hela huko?" Msiba ukitokea Singida, jina lake lipo kwenye orodha ya rambirambi. Kuna kamati ya harusi ya binamu kwenye WhatsApp, ahadi ya Sh50,000, na mweka hazina asiyechoka kukumbusha.

Sioni sababu ya kumfundisha mtu kuyakataa haya. Ukoo unaomdai leo ndio uliomchangia nauli ya kwenda kuripoti chuo. Ila kuna tofauti kati ya kukataa na kupanga. Mzazi wa kijijini hajui kwamba wiki ya 12 kuna testi mbili na wasilisho, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mwanafunzi anayempigia mama mwanzoni mwa muhula na kumtajia tarehe ("Mama, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani niko kwenye mitihani, hapo kati naomba Baba Mdogo ashughulikie mambo ya shamba") hupata heshima ambayo hakuitegemea. Wazazi wetu wanajua sana maana ya msimu. Mtu wa kilimo haalikwi ngoma wakati wa kupalilia, na hakuna anayemwona ana kiburi.

Kuhusu mchango, aliyetoa Sh10,000 mapema akasema ndiyo uwezo wake hulaumiwa kidogo kuliko aliyeahidi 50,000 akazima simu.

Marafiki si adui wa kitabu

Mwaka 1975 mwanazuoni wa Marekani Vincent Tinto alitoa nadharia ambayo bado inatumika kueleza kwa nini wanafunzi huacha chuo. Kwa kifupi, alisema mtu hubaki chuoni akifungamana nacho kwa njia mbili: kimasomo na kijamii. Asiye na mtu wa kukaa naye, asiyejisikia kwamba mahali pale ni pake, yuko hatarini hata kama alama zake ni nzuri. Ukiangalia hivyo, kwaya ya Jumatano, jumuiya ya waislamu, timu ya netiboli ya bweni au chama cha wanafunzi wa mkoa fulani havipunguzi masomo. Vinamshikilia mtu mahali anapoweza kusoma.

Lakini si kila kikao ni ushirika. Kikundi cha diskasheni cha watu 12 wanaokutana saa 3 usiku kwa mara ya kwanza siku mbili kabla ya mtihani ni mkutano wa hadhara. Watatu au wanne, kila mmoja akija amejaribu maswali ya mitihani ya nyuma na kuleta alipokwama, hao wanasaidiana. Na mapenzi? Yatakuwapo. Ninachoweza kusema ni kwamba uhusiano unaodai kujibiwa ujumbe ndani ya dakika mbili, saa zote, unakula muda kuliko ule wa kuonana Jumamosi mchana kutwa.

Kukesha na hesabu za uongo

Kukesha kuna sifa chuoni. "Jana nimepiga msuli mpaka asubuhi" husemwa kwa kifua mbele. Basi tuseme mtu ameamka saa 12 asubuhi na bado anasoma saa 5 usiku. Amekuwa macho saa 17. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na Williamson na Feyer huko Australia ulionyesha kwamba baada ya saa 17 hadi 19 bila kulala, utendaji katika baadhi ya vipimo hulingana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Msuli wa saa 9 usiku, basi, hupigwa na mlevi. Zaidi ya hapo, ubongo hupanga na kuimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala, kwa hiyo anayesoma usiku kucha na kuingia mtihanini asubuhi ameruka hatua ya kuhifadhi. Kwa watu wa miaka 18 hadi 25, wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 7 hadi 9.

Kwa nini basi wenye akili timamu hukesha? Kwa sababu walikadiria vibaya, na kila binadamu hukadiria vibaya. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake nchini Kanada waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu za shahada ya kwanza watamaliza lini. Wastani wa makadirio ulikuwa karibu siku 34. Walipoambiwa wakadirie endapo kila kitu kingekwenda kombo, walisema kama siku 49. Walimaliza kwa zaidi ya siku 55. Yaani hata walipojitabiria mabaya, hali halisi iliwazidi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesema "tafiti yangu ni ya wiki mbili tu, data ninazo" aongeze nusu ya muda anaoufikiria, kisha ahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kukabidhi. Msimamizi naye ana safari, ana vikao, na atarudisha sura ya pili ikiwa imejaa wino mwekundu.

Ndiyo maana nasema uwiano usitafutwe kwa siku. Kuna wiki muhula unapokuwa mlegevu, ya pili hadi ya tano hivi, na hizo ndizo za kwenda Bagamoyo, kuhudhuria sendofu, kulala kwa kaka Tegeta. Hizo pia ndizo za kuanza kazi zilizotolewa mapema, kwa saa zilezile 40. Wiki za testi na za mwisho ni za kupalilia: watu wanaonana mezani na kwenye diskasheni, basi. Anayelazimisha kila siku iwe na robo ya masomo, robo ya marafiki, robo ya mazoezi na robo ya kupumzika atashindwa Jumatatu ya kwanza na kuliacha wazo lenyewe. Usingizi tu ndio usioahirishwa hadi wiki nyingine.

Mambo yakiharibika kweli

Kuna kuchoka, na kuna kuugua. Aliyechoka, akilala siku mbili na kula vizuri, anarudi. Aliyepita wiki mbili bila kufurahia chochote, asiyelala au anayelala kutwa, aliyeacha kwenda vipindini kwa sababu hawezi kuinuka kitandani, au anayewaza kwamba afadhali asiwepo, huyo anahitaji mtaalamu, na anahitaji mtu wa kumsindikiza. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi hushughulikia haya, na zahanati ya chuo inaweza kumpa rufaa. Bima ya mwanafunzi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) si ya malaria peke yake.

Aliyeanguka mwaka wa kwanza naye afanye hesabu kabla ya kukata tamaa. GPA ya mwisho, yaani wastani wa alama zote, hukokotolewa kwa kozi za miaka yote. Aliyemaliza mwaka wa kwanza na 2.8, ikiwa krediti za kila mwaka zinalingana, anahitaji wastani wa 3.85 katika miaka miwili inayobaki ili afikishe 3.5, panapoanzia daraja la pili la juu. Si kazi nyepesi, lakini inafanyika.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni idadi ya wanaoingia mtihanini wakiwa wagonjwa au wametoka kuzika jana, wakifeli na kwenda sapu, yaani mtihani wa marudio, bila kujua kwamba kanuni za chuo zinawaruhusu kuomba kuahirisha mtihani, muhula au mwaka mzima kwa sababu za afya, msiba au ada. Kinachotakiwa ni barua kupitia idara au kitivo, na ushahidi: cheti cha daktari, kibali cha mazishi au barua ya mtendaji wa kijiji. Mnufaika wa mkopo aijulishe pia Bodi kupitia dawati la mikopo pale chuoni, ili malipo yasimamishwe na kurejeshwa kwa utaratibu. Barua ifike kabla ya siku ya mtihani, au siku chache tu baada ya dharura, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki mkononi mwa mwanafunzi. Anayekwenda kujieleza matokeo yakishatoka huambiwa amechelewa, na kwa kanuni kweli amechelewa.